Jirani Yangu Mwenye Kaburi Namboboto

Nilipomjua Rubani alikuwa ameshazikwa. Sisemi kwa mafumbo. Kaburi lake lipo Namboboto, nyuma ya nyumba ya mama yake, limesakafiwa kwa saruji na kuandikwa jina lake na cheo chake cha jeshi, na cheo chenyewe wamekikosea. Ndani mna gogo la mgomba lililovishwa koti lake la shule ya sekondari. Yeye mwenyewe alikuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka kwangu hapa Malaba, akinywa chai ya tangawizi na kulalamika kwamba tangawizi haionekani.

Kwao, mtu akifa na mwili usipatikane, huzikwa mgomba badala yake ili familia ipumzike. Na ikitokea yule aliyeombolezwa akarudi mzima, haingii kwa lango. Hutobolewa tundu kwenye ua upande wa nyuma, akaingia kwa kutambaa, akitanguliwa na mtu asiye wa ukoo, kisha saruji ya kaburi ikavunjwa. Asipofanya hivyo, mama yake mzazi hapokei chakula mkononi mwake, na yeye hakanyagi boma. Rubani alikataa kutambaa. Alipohamia jirani nami alikuwa amekataa kwa miaka minane. Mwisho wa haya ninayosimulia, miaka ilikuwa imefika ishirini na miwili. Mama yuko kule, mwana yuko hapa, kati yao mwendo wa saa moja na nusu na ua wa michongoma.

"Ulitoka ndani ya ndege ya kivita kwa sekunde mbili," nilimwambia siku moja, "na ua umekushinda miaka yote hii."

"Shona, Fundi," akasema. "Kazi yako ni kushona."

Ni kweli, kazi yangu ni kushona. Cherehani yangu iko barazani na mimi niko nyuma yake, na hapo ndipo dunia yangu inapoanzia na kuishia. Mimi mwenyewe ni Mteso, kabila la hapa hapa. Sijawahi kuvuka daraja kwenda upande wa Uganda, ingawa nikisimama juu ya kiti naliona. Safari yangu ndefu ilikuwa ya kwenda hospitali ya Kocholia kung'olewa jino, na nilirudi nikiwaeleza watu habari za barabarani kana kwamba nimetoka ng'ambo. Kwa hiyo mtu aliyeanguka kutoka mawinguni alipoleta koti kwangu, nilimwona kama zawadi. Wengine hununua televisheni.

Makoti yake yote yalikuwa yameshonewa mtu mrefu kuliko yeye. Kiti cha ile ndege kina baruti chini yake. Mambo yakiharibika, rubani huvuta mpini ulio kati ya mapaja, kioo cha juu kinang'oka, baruti inawaka, kiti kinarushwa angani na mtu wake, halafu mwavuli unafunguka. Anayetoka hivyo hupigwa teke la mgongo ambalo punda hawezi kulipiga. Pingili zake zilibonyea, wakamtia vyuma, na daktari wa jeshi alipompima tena akakuta karibu inchi moja haipo. Hayo aliyasema mwenyewe, mara moja tu, kwa bahati mbaya. Baada ya hapo alishikilia kwamba ni makoti yaliyorefuka.

"Nguo hurefuka ikifuliwa," aliniambia.

"Hupungua, Kapteni."

"Za jeshi hurefuka."

Nikazikata. Kila mwaka nilizikata, na kila mwaka alisimama mbele ya futi yangu ya kitambaa akiwa amevuta pumzi na kuinua kidevu, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Kisa chenyewe alinieleza siku ya kwanza, akitumia kiti changu cha wateja kuwa ndege na kopo langu la vifungo kuwa injini. Tumbusi aliingia kwenye injini, akasema, na hapo akalipiga kopo kofi. Niliokota vifungo mpaka jioni. Siku hiyo tumbusi alikuwa mmoja na sekunde za kuamua zilikuwa mbili. Baada ya miaka mitano matumbusi walikuwa watatu, na Rubani alikuwa amepata nafasi ya kutafuta pahali pasipo na watu, kuielekeza ndege huko, kuaga redioni kwa Kiingereza kizuri, na kutazama saa. Nilimuuliza kama hakupata pia muda wa kunyoa ndevu. Hakuja kwangu wiki mbili. Alipokuja alileta zipu iliyoharibika, na sote wawili tukajua kwamba zipu ile haikuwa na ubaya wowote.

Sehemu ambayo haikubadilika hata siku moja ni ya mama mfugaji. Rubani alianguka kaskazini, mahali pakavu, redio yake ya mkononi imevunjika, akalala kwenye mawe hawezi kuinuka. Mama mmoja mwenye mbuzi ndiye aliyemfikia kwanza. Alimzunguka, akazitazama zile kamba, akautazama moshi wa ndege kule mbali, akamuuliza kwa nini hakungoja ifike chini kwanza. Kisha akampa maziwa, akaukata mwavuli na kumfunikia sehemu ili jua lisimchome, na iliyobaki akaenda nayo. Alirudi na maziwa siku mbili, mpaka jeshi lilipompata Rubani.

Siku mbili hizo ndizo zilizomzika. Kwao ilifika habari kwamba ndege imeanguka na rubani hajulikani aliko. Baba yake mdogo, aliyekuwa mkubwa wa boma, akasema ndege ikianguka hakuna kinacholetwa, hata kitufe. Mgomba ukakatwa. Walipopata barua kutoka hospitali ya jeshi, saruji ilikuwa imeshakauka.

"Alinizika kama mtu anayekimbilia gari," Rubani alikuwa akisema. "Hata siku nne hakungoja. Mimi nimelala na maziwa ya mbuzi, yeye anachanganya simiti."

Hapa Malaba alifanya kazi ya uwakala wa forodha. Alibeba karatasi za matrela kutoka dirisha moja hadi jingine huku madereva wakisubiri kwenye foleni inayoanzia hapa na kuishia Mungu anapojua. Kazi ile alijua kuifanya, lakini hakuna aliyemheshimu kwa ajili yake. Kwenye kibanda cha chai madereva walimngoja kama watoto wanavyongoja peremende.

"Ssebo Kapteni," dereva mmoja wa kutoka Uganda alimuuliza, akimwita bwana kwa lugha ya kwao, na nilikuwepo, nimeleta koti la mteja, "ile ndege uliegesha wapi?"

"Niliiegesha vizuri. Nilisahau breki tu."

"Na abiria wakishuka kabla ya kituo huko kwenu, nauli hurudishwa?"

Watu wakacheka. Yeye akakoroga chai. Kisha akainuka, akakagua benchi aliloinukia, akasogea kwenye jingine. Hiyo ilikuwa tabia yake. Hakukaa mahali bila kuinama na kutazama chini ya kiti. Nyumbani kwangu alitazama chini ya kiti kilekile kwa miaka kumi na minne, na alichowahi kukuta ni kuku wangu tu, anaatamia.

Mtu wa mbinguni huyu, bodaboda hapandi. Akipakiwa kwa lazima, anavaa helmeti yake mwenyewe, anaifunga ugwe, anamwambia dereva amwonyeshe breki, na safari ni kutoka hapa hadi posta. Ngazi yangu ya kupandia darini aliitikisa mara sita kisha akaniambia nimwite mtu mwingine. Mimi pia ninaogopa ngazi, lakini mimi sijawahi kuvaa sare ya anga.

Kulikuwa na jambo moja ambalo halikumfanya acheke wala kuchekwa. Lori la sabuni lilikatika breki hapa kwenye mteremko, dereva akaruka, lori likaenda likajilaza kwenye tope bila kumuua mtu. Watu wakakusanya sabuni huku wakimtukana dereva kwamba ni mwoga, ameacha gari la wenyewe. Mwanamke mmoja alimtukana huku vipande vinne vikiwa kifuani mwake. Rubani alifika na fimbo yake ya kutembelea, akasimama kati ya yule dereva na watu.

"Mwangalieni mtu kwanza," alisema. "Ana mikono? Ana miguu? Gari litatengenezwa lingine."

Akamkalisha yule dereva chini, akamvua viatu, akamgusa uti wa mgongo pingili moja moja, taratibu, kama mimi ninavyotafuta sindano kwenye kitambaa. Dereva akawa analia. Rubani akamwambia alie tu, na asiinuke mpaka wabebaji waje, hata akijiona mzima. Siku hiyo hakuna aliyemuuliza ameegesha wapi.

Lakini huruma aliyowapa wengine, ukooni mwake haikufika. Jumapili moja kwa mwezi alikwenda kusali kanisani Namboboto. Mama yake alikaa upande wa wanawake, yeye upande wa wanaume, wakapeana amani kwa kuinamiana kutoka mbali. Baada ya misa mama alitangulia nyumbani. Yeye alifuata kwa gari, akatoa kiti chake cha kukunja, akakiweka barabarani mbele ya boma, nje ya ua. Mama akaleta kigoda upande wa ndani. Wakaongea juu ya mahindi, ng'ombe aliyezaa, nani amekufa. Sukari na majani ya chai aliyoleta aliviweka chini, jirani akaja kuvichukua, na mama akanywa chai ya sukari hiyo ikiisha kupita mkono wa mtu mwingine.

"Padri wenu anasemaje?" nilimuuliza.

"Padri amemwambia hayo mambo hayapo. Mama amemwambia ndiyo, Padri. Kisha amerudi nyumbani akakaa upande wake wa ua."

"Na wewe mama anakuambiaje?"

Alivuta uzi uliotoka kwenye mkono wa shati lake, kitu ambacho nimemkataza mara nyingi.

"Ananiambia, najua ni wewe. Kaburi ndilo halijui."

Nilimwambia atambae, jambo la dakika tano. Akaniambia mgongo wake haukunjiki, una vyuma. Nikamwambia alale, avutwe. Akaniambia yeye ni ofisa, haburutwi kama gunia la dengu. Kila mwaka alikuwa na sababu mpya, na kila sababu ilikuwa imepigwa pasi. Nilimcheka kwa sababu hiyo, nikamcheka sana, na sikujizuia. Mtu anayejiona mkubwa kuliko tundu la ua anastahili kuchekwa na watu wa rika lake, hasa asubuhi.

Mara ya mwisho ninayotaka kuiandika, alikuja bila nguo ya kushona. Hakukaa. Hata chini ya kiti hakutazama.

"Fundi, funga hiyo mashine."

"Kuna nini?"

"Mama haji tena kwenye ua. Leo ni siku ya nne amelala. Wanampelekea uji, anageuza uso. Amesema atakula kwa mkono wangu au aachwe."

Nikaondoa mguu kwenye cherehani.

"Basi nenda, Kapteni. Unangoja nini?"

"Anatakiwa mtu asiye wa ukoo atangulie."

"Malaba hii ina watu wangapi? Chukua wakala mwenzako."

"Wale wana adabu," alisema. "Mimi nataka mtu ambaye nimeshazoea kuchekwa naye."

Nilimweleza kwamba nina suruali mbili za harusi, kwamba gari hunitia kichefuchefu, kwamba kuku anaatamia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunika cherehani kwa kitambaa chake, akanishika kiwiko, na ndivyo nilivyosafiri.

Aliendesha kama anayebeba mayai. Baiskeli zilitupita. Tulipovuka Busia na foleni yake ya matrela na kushika njia ya Funyula, nilikuwa nimeshaona nchi nyingi kuliko zote nilizowahi kuona, na nilikuwa nimetapika mara moja, kwa heshima, kwenye mfuko. Ni huko njiani aliponieleza lile ambalo hakuwahi kunieleza barazani.

"Siku niliyotoka hospitali sikwenda peke yangu," alisema. "Nilikwenda na wenzangu wawili, maofisa, kwa gari la kazi. Nilikuwa nimewaambia kwetu watanipokea kwa ngoma. Tukafika langoni. Baba mdogo akatoka, akainua mkono. Akasema, ngoja hapo, kuna wewe mwingine humu ndani."

Nilitaka kucheka. Nilijiuma mdomo.

"Wenzangu walicheka," akasema. "Walidhani ni mzaha. Kisha akawaonyesha pale nyuma nitakapotambaa, mimi na magongo yangu. Wakatazama pembeni, Fundi. Wale watu waliniona hospitali nimelala na vyuma mgongoni na hawakutazama pembeni. Nikamwambia dereva ageuze. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kanga mkononi, alikuwa akija. Nikasema geuza."

Mbele yetu mbuzi alivuka barabara, na alimpisha kwa muda mrefu sana.

Baba mdogo alitungoja nyuma ya boma, mzee mkavu, panga kiunoni, kofia ya kanisa kichwani. Hakumsalimu Rubani. Alinisalimu mimi.

"Wewe ndiye mgeni?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Umevaa vizuri mno. Haya, ingia."

Nilitazama ua nikitafuta pa kutoboa. Hapakuwa na kazi hiyo. Tundu lilikuwepo, kwenye michongoma, chini, safi, pembe zake zimekatwa vizuri na ardhi yake imesuguliwa ikawa laini.

"Hili limekatwa lini?" Rubani aliuliza.

"Siku uliyogeuza gari," baba yake mdogo akamjibu, na sasa ndipo alipomtazama. "Mama yako alilikata mwenyewe jioni ile. Mvua zikiisha, michongoma inataka kufunga, yeye anakuja na panga anapogoa. Kila mwaka. Nilimwambia shemeji, acha, mbwa wanaingia. Mwaka juzi aliongeza upana. Alisema umenenepa."

Rubani alisimama pale na fimbo yake. Miaka yote alikuwa ameweka kiti chake upande wa barabara, mbele, na hakuwahi kuzunguka nyuma hata mara moja. Nilikuwa na maneno matatu ya kumchoma nayo, mazuri, na nikayameza yote.

"Tangulia, Fundi," alisema.

Nikatangulia. Mwiba ulinishika kiunoni na suruali yangu, ambayo nilijishonea mwenyewe kwa uzi wa mara mbili, ikapasuka kutoka huku mpaka kule. Mzee akasema mgeni ameingia. Nikageuka. Rubani alikuwa ameshalala chali kwenye gunia lililokuwa limetandikwa, mikono juu ya kichwa, vyuma vyake na heshima zake zote chini. Nikamshika vifundo vya mikono, nikavuta. Alikuwa mzito. Michongoma ilimvua kofia ikabaki nje. Alipotokea upande wetu alikuwa na majani masikioni, na alikuwa amefumba macho kabisa.

Mzee akaenda kwenye kaburi, akapiga saruji kwa jembe mara moja, mbili, mpaka ikapasuka. Akasema jina la Rubani kwa sauti ya kawaida, kama anayeita mtu wa jikoni, akamwambia aliye humo aende zake. Kisha akaegemeza jembe ukutani na kusema amechoka.

Mama alikuwa kwenye kitanda chumba cha mbele, mdogo sana, macho yake makubwa. Sahani ya ugali na samaki ilikuwa kwenye kigoda, imefunikwa. Rubani hawezi kupiga magoti, kwa hiyo alikaa sakafuni miguu imenyooka, na kichwa chake kikawa usawa na cha mama. Alinawa. Akakata tonge dogo, akalichovya kwenye mchuzi, akatoa miba ya samaki kwa vidole.

Mama akafungua kinywa. Alitafuna muda mrefu, akimtazama majani yale masikioni.

"Ua ulikushinda, wewe," alisema.

"Ulinishinda, mama."

Akakata tonge la pili. Kabla mkono haujafika, mama alikuwa ameshafungua kinywa.